Kuiga foleni ya hospitali kwenye kompyuta, hatua kwa hatua

Kazi ya kwanza niliyopewa ya kupunguza foleni hospitalini niliianza vibaya: nilifungua kompyuta siku hiyohiyo nikaanza kuandika programu. Wiki tatu baadaye nilikuwa na modeli ya kupendeza, vidoti vya rangi vikitembea kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa. Muuguzi kiongozi wa idara aliitazama kama nusu dakika, akauliza, "Na wale wanaorudi kwa daktari na majibu ya maabara, wako wapi?"

Hawakuwapo. Katika hospitali yangu ya kwenye skrini kila mgonjwa alimwona daktari mara moja, akaenda zake. Ukiwa na wagonjwa wapya 40 na nusu yao wakatumwa maabara, daktari hana kazi ya watu 40, ana kazi ya mara 60. Modeli yangu ilikuwa imefuta theluthi ya kazi ya daktari, kisha ikanionyesha kwa fahari kwamba foleni si tatizo.

Njia ninayoieleza hapa niliipata baada ya aibu hiyo. Utahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba yake ya uigaji iitwayo SimPy, vyote ni vya bure, pamoja na daftari, saa, na viatu visivyobana. Asiyependa kuandika programu anaweza kutumia programu za uigaji zilizo tayari, kama Arena, Simul8 au AnyLogic. Vitufe vinabadilika, hatua hazibadiliki. Aina ya uigaji tunaoutumia huitwa uigaji wa matukio: saa ya modeli haihesabu sekunde moja moja, inaruka kutoka tukio hadi tukio. Mgonjwa amefika, daktari amemaliza, kitanda kimeachiwa. Kati ya tukio na tukio hakuna kinachobadilika, kwa hiyo kompyuta haipotezi muda hapo, na ndiyo maana mwaka mzima wa idara unaweza kuisha ukiwa bado unakoroga chai.

Hatua ya 1: Pata swali lenye mwenyewe

"Tupunguze foleni" si swali. Swali ni kama hili: tukimhamisha daktari mmoja kutoka zamu ya mchana kwenda asubuhi, ni wagonjwa wangapi watakaosubiri zaidi ya saa moja? Muulize anayekutuma atafanya nini jibu likija hivi, na atafanya nini likija vile. Akisema atafanya lilelile, acha kazi hiyo mapema, hakuna modeli itakayoisaidia.

Hapohapo mkubaliane kipimo. Wastani wa muda wa kusubiri huficha mambo: watu tisa wakisubiri dakika 10 na mmoja akasubiri saa nne, wastani ni dakika 33, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri dakika 33. Mimi hutumia persentaili ya 90, yaani muda ambao wagonjwa tisa katika kumi hawauvuki, na idadi ya waliovuka kikomo fulani.

Hatua ya 2: Mfuate mgonjwa kwa miguu

Chukua daftari, simama mlangoni, na kwa ruhusa mfuate mgonjwa mmoja hadi atoke. Kisha mwingine. Fanya hivyo siku yenye msongamano na siku ya kawaida, asubuhi na jioni. Andika kila mahali anaposimama, anamsubiri nani, na kwa nini.

Mchoro uliobandikwa ukutani utakuambia njia ni mapokezi, vipimo vya awali, daktari, maabara, daktari, dawa. Miguu itakuambia kwamba muuguzi wa vipimo vya awali ndiye pia anayeitwa kufunga vidonda. Kwamba majibu ya maabara hutoka kwa mafungu kwa sababu mashine hungoja sampuli zijae. Kwamba daktari wa saa mbili asubuhi huanza saa mbili na nusu kwa kuwa anapita wodini kwanza. Hayo ndiyo yanayotengeneza foleni, na hakuna hata moja lililo kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali.

Usiweke kila unachokiona ndani ya modeli. Weka kinachogusa swali la hatua ya kwanza. Kama swali ni la vitanda vya dharura, foleni ya maegesho haikuhusu, hata ikikukera.

Hatua ya 3: Kusanya namba, na uzishuku

Unahitaji mambo matatu: wagonjwa wanafika lini, kila huduma inachukua muda gani, na kila mgonjwa anaelekea wapi baada ya kila kituo. Kabla data haijaingia kwenye kompyuta yako, majina na namba za faili ziondolewe. Huhitaji kujua mgonjwa ni nani ili kujua alikaa muda gani.

Sasa shuku. Saa iliyo kwenye mfumo ni saa ambayo mtu alibonyeza kitufe, si saa ambayo jambo lilitokea. Niliwahi kupokea data ambamo wagonjwa wengi walionekana kufika saa nne kasoro asubuhi kwa mkupuo. Nikatafuta basi linalowaleta, halikuwapo. Karani wa mapokezi alikuwa akiandika watu kwenye karatasi hadi wimbi la asubuhi lipungue, kisha anawaingiza wote kwa pamoja. Ningeiamini saa ile, modeli ingetengeneza wimbi la bandia na kufuta saa mbili za kusubiri za kweli.

Kosa jingine la kawaida ni kuchukua tofauti kati ya "kuingia kwa daktari" na "kutoka kwa daktari" kuwa muda wa huduma. Mara nyingi ndani yake kuna simu, kutafuta faili, na mgonjwa mwingine aliyeingia katikati. Pima mwenyewe kwa saa huduma 50 hivi katika kila kituo muhimu, ulinganishe na mfumo. Tofauti ikiwa kubwa, mfumo ndio unaokosea.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya karatasi kabla ya programu

Hatua hii wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo hadi leo ndiyo kisu kikali kuliko vyote kwenye begi langu: idadi ya watu waliomo ndani, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Wodi inayolaza watu 12 kwa siku, kila mmoja akikaa siku 5, itakuwa na watu 60 kwa wastani. Kila mgonjwa akiondoka saa 3 mapema kuliko sasa, hiyo ni sehemu ya nane ya siku; mara 12 ni kitanda kimoja na nusu. Umepata kitanda kimoja na nusu bila kununua godoro.

Ya pili ni hesabu ya foleni, iliyoanzia mbali na hospitali: Agner Erlang, Mdenmarki, aliichapisha mwaka 1909 akihangaika na simu za Copenhagen. Chukua daktari mmoja anayetumia dakika 8 kwa wastani kwa kila mgonjwa, na wagonjwa 6 wanaofika kila saa bila mpangilio. Ana kazi asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo msimamizi ataona ana nafasi ya kutosha. Kama muda wa huduma unayumba sana, kwa mgawanyo uitwao eksponensha, wastani wa kusubiri, foleni ikiachiwa iendelee bila kufungwa, ni dakika 32. Ongeza mgonjwa mmoja tu kwa saa, wawe 7, na kusubiri kunapanda hadi dakika 112.

Rudia mstari huo. Mgonjwa mmoja zaidi kwa saa, kusubiri kumezidi mara tatu. Foleni haipandi ngazi moja moja; inatambaa, kisha inaruka. Ni kweli kliniki ya mchana hufungwa kabla haijafika huko, ila mwelekeo ni huohuo.

Sasa geuza. Wagonjwa wabaki 6 kwa saa, wastani wa huduma ubaki dakika 8, ila kuyumba kwa muda wa huduma kupungue nusu. Kusubiri kunashuka kutoka dakika 32 hadi 20. Daktari hakuongeza kasi hata kidogo. Au waweke madaktari wawili kwenye foleni moja yenye wagonjwa 12 kwa saa, badala ya kila mmoja na mlango wake na watu wake 6: kusubiri kunakuwa dakika 14. Ndiyo maana nikisikia "hatuna watu wa kutosha" huwa nauliza kwanza foleni ziko ngapi.

Hatua ya 5: Andika modeli ndogo kabisa

Daktari mmoja, mlango mmoja. Basi.

```python
import random, statistics
import simpy

KUFIKA = 10    # wastani wa dakika kati ya wagonjwa
HUDUMA = 8     # wastani wa dakika kwa daktari
subira = []

def mgonjwa(env, daktari):
    alifika = env.now
    with daktari.request() as zamu:
        yield zamu
        subira.append(env.now - alifika)
        yield env.timeout(random.expovariate(1 / HUDUMA))

def mlango(env, daktari):
    while True:
        yield env.timeout(random.expovariate(1 / KUFIKA))
        env.process(mgonjwa(env, daktari))

random.seed(7)
env = simpy.Environment()
daktari = simpy.Resource(env, capacity=1)
env.process(mlango(env, daktari))
env.run(until=500000)
print(statistics.mean(subira))
```

Iendeshe. Inapaswa kutoa namba iliyo karibu na 32, dakika moja au mbili huku au huku. Weka `capacity=2` na `KUFIKA = 5`, upate karibu na 14. Ukipata 50 au 3, una kosa, na ni heri ulijue sasa kuliko baada ya kuongeza mistari 400. Hii ndiyo faida ya pili ya hesabu ya karatasi: inakuwa mizani ya kupimia programu yako.

Hatua ya 6: Ongeza uhalisia, kimoja baada ya kingine

Kila unapoongeza jambo, endesha tena na utazame kilichobadilika. Ukiongeza matano kwa pamoja hutajua lipi limekuvurugia.

Anza na ufikaji. Wagonjwa hawaji kwa kasi moja saa 24. Njia rahisi: tafuta saa yenye wagonjwa wengi kuliko zote, tengeneza wagonjwa kwa kasi hiyo saa zote 24, kisha kila anayefika mrushie kete. Kama saa hii kasi halisi ni nusu ya ile ya juu, mpokee nusu ya mara na umtupe nusu ya mara. Nimewaona watu wakibadilisha tu wastani ndani ya `expovariate` kila saa. Kosa lake halionekani upesi: muda uliochaguliwa usiku, wakati wagonjwa ni wachache, unaweza kuruka na kumeza mwanzo mzima wa msongamano wa asubuhi.

Kisha muda wa huduma. Eksponensha tuliitumia kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi, lakini inasema muda unaotokea zaidi ni ule wa karibu na sifuri, na hakuna daktari anayemaliza mgonjwa kwa sekunde nne. Chora vipimo vyako 50 kwenye grafu. Karibu kila mara utaona kilima upande wa kushoto na mkia mrefu kuelekea kulia. Mgawanyo wa logi-nomali au wa gama, yote miwili yenye umbo hilo, utakaa vizuri. Usiukate mkia ukidhani ni makosa ya uandishi. Yule mgonjwa wa dakika 55 ndiye aliyewakalisha wengine wote.

Wanaorudi na majibu: waingize kwenye foleni ya daktari mara ya pili, kwa muda mfupi zaidi, na uamue kama wanapewa kipaumbele. Uliza wanafanyaje kwa kweli, usiulize utaratibu unasemaje. Uzito wa hali ya mgonjwa unashughulikiwa na `PriorityResource`, ambapo namba ndogo hutangulia. Wanaokata tamaa na kuondoka unawapata kwa kusubiri mambo mawili pamoja, `yield zamu | env.timeout(uvumilivu)`, kisha unaangalia lipi limetangulia. Wahesabu hawa kila mara. Foleni inaweza kuonekana fupi kwa sababu watu wamekwenda nyumbani bila kutibiwa.

Hatua ya 7: Vitanda, na mlango wa kutokea

Hapa ndipo modeli hulipa gharama yake. Chumba cha dharura kikijaa, macho yote huelekea mlango wa kuingilia: wanakuja wengi, hali zao ni nyepesi, wangekwenda kwingine. Mara nyingi kilichoziba ni upande wa pili. Mgonjwa ameshaonwa, ameshaamuliwa kulazwa, na amelala kwenye kitanda cha dharura akisubiri kitanda cha wodi. Wakati huo kazi ya dharura kwake imeisha na ya wodi haijaanza, na kitanda chake hakimpokei mwingine.

Katika programu, hali hiyo ni suala la wapi unaachia kitu. Anayeanza huachia kitanda cha dharura mara uchunguzi unapoisha, kisha anaomba cha wodi. Hapo umemweka mgonjwa hewani. Fanya hivi:

```python
def wa_dharura(env, kitanda_dharura, kitanda_wodi):
    with kitanda_dharura.request() as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(uchunguzi())
        zamu_wodi = kitanda_wodi.request()
        yield zamu_wodi      # bado amelala dharura
    yield env.timeout(siku_za_kulazwa())
    yield env.timeout(kuandaa_kitanda())
    kitanda_wodi.release(zamu_wodi)
```

Vipengele vinavyotoa muda, `uchunguzi`, `siku_za_kulazwa` na `kuandaa_kitanda`, ni vya kwako kuandika kutokana na vipimo vya hatua ya 3. Na usisahau kwamba kulazwa hakuishi saa yoyote: watu huruhusiwa baada ya daktari kupita wodini, kisha husubiri dawa, hati, malipo, na ndugu wa kuwachukua. Kwa hiyo gawanya muda wa kulazwa sehemu mbili, hadi anaposema daktari "nenda nyumbani", na kutoka hapo hadi kitanda kinapokuwa wazi. Sehemu ya pili ndiyo ile ya saa 3 za hatua ya nne. Nimeshuhudia kikao kizima cha kuomba vitanda zaidi kikigeuka kuwa kikao cha saa ngapi famasi ianze kuandaa dawa za wanaoondoka.

Hatua ya 8: Waache wenyeji waivunje

Kwanza linganisha modeli na wiki ambazo hukuzitumia kuijenga: idadi ya waliohudumiwa, persentaili ya 90 ya kusubiri, urefu wa foleni kila saa. Wastani peke yake usikuridhishe; modeli mbili zenye wastani mmoja zinaweza kuwa na asubuhi tofauti kabisa.

Kisha chapisha kurasa kumi, tano za siku za kweli na tano za modeli, uzichanganye, umpe muuguzi kiongozi azitenge. Akizitenga kwa urahisi, muulize alijuaje. Jibu lake ni orodha yako ya kazi. "Hii si ya kweli, Jumatatu hatuwezi kumaliza saa kumi" ni maelezo mazuri kuliko kipimo chochote cha takwimu nilichowahi kutumia.

Hatua ya 9: Jaribu, na rudia

Kuendesha mara moja ni sawa na kurusha sarafu mara moja. Siku moja ya modeli inaweza kuwa mbaya kwa bahati tu. Endesha kila pendekezo angalau mara 30 kwa mbegu tofauti za namba nasibu (mbegu ni namba ya kuanzia, ile ya `random.seed`, inayoamua bahati ya modeli itakavyokwenda), chukua matokeo ya kila mara kama namba moja, tafuta wastani wake na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Zidisha mkengeuko huo kwa 1.96, ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio. Hapo una kiasi ambacho wastani unaweza kuyumba juu na chini. Ukitaka kukipunguza nusu, marudio yawe mara nne.

Unapolinganisha mapendekezo mawili, yape wagonjwa walewale: mbegu moja kwa ufikaji, nyingine kwa muda wa huduma, kila moja kwenye `random.Random` yake. Hivyo tofauti utakayoiona imetokana na pendekezo, si na siku iliyokuwa nyepesi.

Kliniki inayofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni huanza tupu, kwa hiyo nawe anza tupu. Dharura na wodi hazilali. Modeli ya idara hizo ikianza tupu, siku za kwanza ni za uongo. Chora idadi ya waliolazwa kwa kila siku, uone inatulia wapi, utupe yote ya kabla ya hapo. Kwa wodi yenye watu wanaokaa siku 5, mimi hutupa wiki kadhaa bila huruma.

Jaribu pia yasiyogharimu. Mtakwimu Norman Bailey, huko Uingereza mwaka 1952, aliiga kliniki za miadi kwa mkono, kwa namba nasibu na karatasi, akapendekeza wagonjwa wawili waitwe mwanzoni kabisa, kisha mmoja mmoja kwa nafasi ya wastani wa huduma. Daktari hakai bure, na wa mwisho hasubiri nusu siku. Weka ratiba hiyo kwenye modeli yako kabla hujaomba daktari wa ziada. Kuijaribu ni mistari mitatu.

Hatua ya 10: Peleka jibu

Grafu moja, pendekezo moja, na kiasi cha kuyumba kikiwa kimeandikwa kwa namba. Usionyeshe vidoti vinavyotembea hadi uulizwe. Watu huanza kujadili rangi. Sema wazi modeli haikuweka nini, kwa mfano mlipuko wa ugonjwa au mashine ya eksirei kuharibika, kwa kuwa mtu atauliza, na ni heri asikie kutoka kwako.

Mabadiliko yakikubaliwa, rudi na saa na daftari wiki mbili baada ya kuanza, usimame palepale mlangoni. Hifadhi programu pamoja na mbegu na data uliyoitumia siku ile, maana namba za mlangoni zikitofautiana na zako, huko ndiko utakakoanza kutafuta.